Vidonge vya Baba Kavichukua Mpwa, Kitabu Nimejaza Mimi

Mpendwa Mama Akosita,

Msaada wako nauomba nikiwa na hasira, tena hasira yenyewe sijui niimwagie nani, kwa hiyo unisamehe maneno yakitoka hovyo, maana barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji huku mkoani Ra, Fiji, mjane wa miaka thelathini na sita, naishi na baba yangu mzazi. Majina naomba uyabadilishe, ingawa huku anayenijua atanijua tu, potelea mbali.

Unajua jinsi ugonjwa huu mpya wa mapafu ulivyotuingilia. Kijijini kwetu ulibeba watu sita ndani ya wiki tano, wengine tukawazika haraka haraka bila hata mikeka yao ya maziko, na waliobaki walikuwa wanakunywa kila kitu, majani, maji ya bahari, dawa ya minyoo ya ng'ombe, yaani kila aliyepona alikuwa na dawa yake na kila dawa ilikuwa na shahidi wake, na mimi kazi yangu ilikuwa kupita nikisema acheni, acheni, na kutukanwa.

Ndipo wakaja madaktari wa utafiti kutoka mji mkuu, Suva. Walileta yaqona yao, ile mizizi ya kinywaji cha heshima, kwa mkuu wa kijiji kama inavyotakiwa, wakapokelewa, wakatukalisha mbali mbali ukumbini, wakatueleza kwamba dawa ya ugonjwa huu bado haijajulikana, ila ipo moja ya zamani, ya maradhi mengine kabisa, ambayo huenda ikasaidia na huenda isisaidie, na njia ya kujua ni moja tu, wagonjwa nusu wapewe dawa yenyewe na nusu wapewe vidonge vitupu vinavyofanana nayo kama mapacha, na mtu asijue kapewa kipi, si mgonjwa, si mimi, si hata daktari anayefika huku, majibu yote yamefungwa kwa namba huko Suva. Mimi nikapewa nyumba kumi na moja. Kila mgonjwa ana pakti yake ya siku kumi, asubuhi na jioni nimwone anameza, nitie alama kwenye kitabu, niweke sahihi. Mama, nililia kwa furaha, kazi kama hiyo nimeisotea miaka sita.

Baba akaugua mwezi wa sita. Homa, kikohozi, pumzi fupi. Akakubali kuingia kwenye utafiti, akapewa pakti yake, siku tatu za mwanzo akameza vizuri mbele yangu. Siku ya nne nilikuwa nyumba za juu huko, narudi jioni namkuta baba amekaa na mto mgongoni anachekacheka, pakti haipo. Nikamuuliza iko wapi, akasema, "Kinijoji alipita."

Kinijoji ni mtoto wa shangazi yangu, yaani dada yake baba. Ni vasu wetu, na vasu unamjua, Mama, akitia mkono nyumbani kwa mjomba wake hakuna wa kumzuia, achukue mkeka, achukue nguruwe, mjomba kazi yake ni kucheka na kusema karibu tena. Huyu wetu ni mwanamume mkubwa kama mlango, anacheza raga, na tangu utoto hajawahi kuondoka kwetu mikono mitupu. Alichukua redio. Alichukua fahali wa baba siku tulipomzika mama. Lakini vidonge!

Nikamwambia baba, "Ile ni dawa ya utafiti, umeweka sahihi kwamba humpi mtu."

Akanijibu, "Mwanangu, nimempa mtu? Kachukua. Mkono wa mpwa haushikwi. Unataka nijulikane uzeeni kwa kumnyima vasu wangu vidonge?"

"Na wewe utapona na nini?"

"Nimeshaanza kupona. Punguza sauti, majirani."

Nikaenda mbio hadi kwa Kinijoji, nikasimama nje ya uzio na barakoa yangu. Alikuwa amekaa barazani anamenya muhogo. Nikamwambia arudishe pakti. Akaniangalia, akacheka.

"Binamu, mbona umevimba kama chura? Nimechukua cha mjomba wangu, sijavunja kanisa."

"Kinijoji, hiyo si redio, ni dawa ya majaribio!"

"Basi si ndiyo ninaijaribu?"

Watoto wa jirani wakacheka, na mimi, Mama, kwa sababu ni binamu yangu na utani kati yetu ni wa tangu zamani, nikajikuta nimemrushia ganda la muhogo na kuondoka, na mpaka leo nikilikumbuka lile ganda natamani kujipiga makofi.

Jioni ile nilipaswa kumpigia simu daktari. Sikupiga. Nilikaa na kitabu, nikajiambia homa ya baba imeshuka, nikisema watamtoa kwenye utafiti, pengine watakiondoa kijiji kizima, itajulikana kwamba mimi ndiye niliyemshtaki vasu kwa wageni, na baba atakaa wapi na uso wake kwenye kikao cha yaqona? Nikaweka alama. Kesho yake nikaweka tena, na ukishaweka ya kwanza ya pili haina uzito, nikajaza hadi siku ya kumi, alama safi zimepangana, na sahihi yangu chini.

Sasa sikia balaa. Baba amepona kabisa. Mchungaji amesimama madhabahuni amemshukuru Mungu kwa vidonge vya Ilaitia, ndiye baba, watu wamepiga makofi, kila nikipita naulizwa vile vya Ilaitia vitapatikana lini, na daktari amenipigia simu kunipongeza kwa kitabu kisafi kuliko vyote. Natabasamu, naitikia asante. Na Kinijoji huyo huyo anatembea kijijini akisema ameokoa nyumba yake, maana mkewe Losena, ambaye ana mimba ya miezi saba, ndiye aliyevimeza karibu vyote kwa kuwa alikuwa ameanza kukohoa. Najua karatasi ya utafiti ilisema mwenye mimba haruhusiwi, na Ijumaa nilimkuta anaanika nguo akaniambia, "Wifi, kifua kimeachia, ila moyo unanienda mbio, nikisimama naona giza," nikamwambia ni uzito wa mimba, apumzike. Lakini mimi kinachoniua ni kiburi cha huyu mwanamume, kwamba ameniharibia kazi na bado anasifiwa.

Madaktari wanakuja Jumatatu ijayo kukusanya vitabu. Najiuliza, vidonge vya mtu mmoja kati ya mamia vitaharibu nini? Na nyumba nyingine kwa kweli sikuulizia sana. Nikisema, namvua baba nguo mbele ya ukoo. Nikinyamaza, nitakuwa nalala na kitabu hiki kifuani maisha yangu yote. Mama, nifanyeje ili binamu huyu akome, bila kumvunjia baba heshima? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi, usiichapishe.

Niliyebanwa,
Ra


MAMA AKOSITA ANAJIBU

Hujabanwa, binti yangu. Aliyebanwa ni Losena.

Nimehesabu. Heshima ya baba yako, uso wa baba yako na nguo za baba yako umezitaja ukurasa mzima. Kiburi cha binamu yako umekichambua kama samaki. Losena umempa sentensi mbili katikati ya malalamiko, kama mtu anayekumbuka kutia chumvi wali umekwisha iva. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba kameza pakti ya dawa isiyojulikana, anakwambia moyo unakwenda mbio na anaona giza, na wewe, mhudumu wa afya, uliyesoma karatasi ya utafiti kwa macho yako kwamba mwenye mimba haruhusiwi, unamwambia apumzike. Kisha unaniuliza mimi namna ya kumkomesha binamu!

Barua yako ilinifikia Jumanne asubuhi. Gazeti hili hutoka Jumamosi. Sikungoja Jumamosi. Niligeuza karatasi, nikaipiga ile namba, na nakueleza yaliyofuata kwa sababu tangu saa ile sijaweza kukupata wewe mwenyewe.

Ilipokea sauti nene ya mwanamume. Nikasema nataka kuzungumza na mwenye simu.

"Mwenye simu ni binamu yangu, Mama, lakini simu ninayo mimi. Nimeichukua jana nyumbani kwa mjomba."

Nikajua nimempata nani. "Wewe ndiye Kinijoji?"

"Heh! Sifa zangu zimefika mbali hivyo?"

"Zimefika. Mkeo yuko wapi?"

"Amelala. Leo hajaamka kupika. Nani wewe?"

Hapo, binti yangu, nilikuwa na njia mbili. Miaka kumi na tisa ninaandika safu hii, nimeandikiwa na wezi, wazinzi, na mchungaji mmoja ambaye sitamsema, na siri ya mtu sijawahi kuitoa hata kwa mume wangu. Siku hiyo niliitoa yako. Nilimwambia Kinijoji vile vidonge ni vya majaribio, haijulikani vina nini, wenye mimba walikatazwa, na moyo unaokimbia si jambo la kulalia mkeka. Ukitaka kunichukia kwa hilo, nichukie, nafasi unayo. Ningelifanya tena leo.

Hakuniuliza nani kanieleza. Hakunitukana. Mwanamume huyo uliyenichorea kama jambazi aliuliza jambo moja tu, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikamwuliza mjomba na binamu walisema nini alipovichukua.

"Mjomba alicheka, Mama. Binamu alinuna, lakini binamu hununa kila siku, akanirushia ganda akaenda zake. Nilidhani ni utani wetu. Mtu angenambia Losena atadhurika, ningevitupa mtoni mbele yao."

Unasikia? Hukumwambia. Ulimwambia si redio, ulimwambia ni dawa ya majaribio, ulimwambia kila kitu ila lile neno moja ambalo lingemfikia moyoni, kwamba inaweza kumuua mkewe. Ulikuwa umekasirika mno kiasi cha kusahau kuonya, na Ijumaa ulipomkuta Losena mwenyewe, na hasira imekwisha poa, ukaogopa kuonya. Hasira naielewa, hata mimi ninayo ya kugawa. Ile ya Ijumaa haikuwa hasira, ilikuwa woga, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kinijoji hakungoja gari la zahanati. Alisimamisha lori la miwa barabarani, akampandisha mkewe mbele kwa dereva, yeye akakaa juu ya miwa, na kabla ya saa saba mchana walikuwa hospitali. Madaktari walipiga simu Suva, namba ya baba yako ikafunguliwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya hatari. Havikuwa vidonge vitupu. Ilikuwa dawa yenyewe. Mapigo ya moyo wa Losena yalikuwa yanaruka, wamemfunga waya kifuani na wanamwangalia usiku na mchana. Mtoto anacheza tumboni. Leo ni Alhamisi, ndiyo siku ya mwisho ya mimi kukabidhi safu hii, na daktari hajaniambia lolote la kunifurahisha wala la kuniliza. Losena na mumewe wamenipa ruhusa ya kuyaandika haya. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba.

Sasa tuje kwa vasu, maana ndiye uliyemfanya ngao. Usinifundishe vasu. Nina watoto wanne, na wote wanne wamemaliza nguruwe wa kaka yangu kiasi kwamba siku hizi akiwaona njiani anaanza kucheka kabla hawajafika. Naiheshimu desturi hiyo. Ndiyo iliyonifanya, miaka yote niliyoolewa mbali, nisiwe mgeni kwetu. Lakini vasu kupewa haki ya kuchukua hakumwondolei mjomba ulimi. Kuna mzee mmoja wa Ra angekaa akicheka huku mpwa wake anaondoka na chupa ya sumu ya magugu akidhani ni juisi? Angeruka kutoka kwenye mkeka, mgonjwa hivyo hivyo. Baba yako alicheka kwa sababu naye hakuelewa ana nini mkononi, au alielewa na akaona sifa yake ina uzito kuliko binti wa watu. Mwulize ni lipi. Mimi nitakuwa namwombea liwe lile la kwanza.

Na madaktari wa utafiti nisiwaache wakinywa chai. Mlileta yaqona, hongereni. Mliuliza kuhusu figo, moyo, mimba, sukari. Kuna aliyeuliza mgonjwa huyu ni mjomba wa nani? Mmewasainisha watu kwamba "sitampa mtu mwingine," katika nchi ambayo mtu hampi vasu, vasu huchukua. Katika vijiji ambako jirani akiomba chumvi, nguo au mashua na ukamnyima, unasemwa mpaka kwenye mazishi yako. Mkaacha pakti ya siku kumi juu ya kabati. Mngemkabidhi huyu mwanamke vidonge vya siku moja moja, pakti zikalala zahanati chini ya kufuli, leo Losena angekuwa anaanika nguo zake. Hata mkuu wa kijiji angewaambia hivyo, kama mngemwuliza baada ya kunywa.

Lakini kalamu, binti yangu, haikushikwa na madaktari. Haikuchukuliwa na vasu. Ni yako.

Unauliza vidonge vya mtu mmoja vitaharibu nini. Baba yako alimeza siku tatu. Kitabu chako kinasema kumi. Kwa hiyo huko Suva kitaonyesha mzee wa miaka sitini na zaidi aliyemaliza dawa yote akapona, na ukweli ni kwamba amepona kama wengi wanavyopona, kwa mwili wake na siku zake. Losena naye, aliyemeza karibu vyote vilivyobaki na moyo ukamgeuka, hayumo kitabuni kabisa. Umeifuta hatari, ukaiandika faida isiyokuwepo. Na mchungaji kakusaidia kuitangaza.

Nitakueleza kwa nini jambo hili linanichemsha. Mdogo wangu wa kiume aliugua mwezi wa pili. Mtu mmoja tunayemwamini alituambia amemwona kwa macho yake fulani akipona kwa dawa fulani, nasi tukamwamini, tukampa, tukamweka nyumbani siku nne tukingoja dawa ifanye kazi. Siku ya tano hospitali walitupokea, wakatuuliza mlikuwa wapi. Nilimwona akizikwa nikiwa nje ya uzio. Yule mtu hakutudanganya, alisema alichokiona. Ndiyo maana utafiti ukawepo, ili tusiongozwe na "nilimwona fulani." Na wewe umechukua kitu pekee kilichotengenezwa kututoa kwenye "nilimwona fulani," ukakirudisha huko huko kwa kalamu ya bluu.

Halafu kuna neno ulilolipenyeza mwishoni ukidhani nimesinzia. "Nyumba nyingine sikuulizia sana." Yaani kuna vitabu vingine kumi, na katika nyumba hizo kumi kuna wajomba, kuna wapwa, kuna majirani wanaoomba. Wewe mwenyewe unadhani Kinijoji ni peke yake Ra nzima?

Basi sikiliza. Unasoma gazeti hili Jumamosi, madaktari wanafika Jumatatu. Leo na kesho pitia nyumba zote kumi. Usiwaulize "ulimeza?", kila mtu atakwambia alimeza, wewe si ulikuwa unatia alama? Waulize nani mwingine alimeza. Waulize kwa utaratibu, ukae chini, usiwe na kalamu mkononi mwanzoni. Ukisikia kuna mtoto, mzee, au mwenye mimba aliyemeza, usiandike kwanza, mpeleke kituo cha afya kwanza. Kitabu cha baba yako usikichane na usikipake wino mweupe. Piga mstari mmoja kwenye kila alama ya uongo, isomeke bado, pembeni andika lililotokea na tarehe ya leo, na sahihi yako ile ile. Fanya hivyo kwa kila kitabu utakachogundua kina doa.

Kabla hujalala leo, mwambie baba yako yote, na umwambie namba yake imekwisha funguliwa, hakuna cha kulinda tena. Kisha muende wote wawili kwa mchungaji. Kesho Jumapili asimame pale pale aliposimama aseme kwamba haijulikani bado kama dawa hii inaponya, na kwamba kuna mtu imemdhuru. Akisita, msomee ukurasa huu. Aliweza kutangaza muujiza bila kuuliza, ataweza kutangaza kosa baada ya kuulizwa.

Jumatatu usingoje kuitwa. Simama wa kwanza. Watakuondoa kwenye kazi, sitakudanganya, na mimi ningekuondoa. Ukija kuiomba tena baada ya mwaka mmoja, njoo kwangu kwanza, pengine nitakuwa na la kusema kwa niaba yako, na litategemea yale utakayoyafanya kesho.

Mambo ya desturi yatafuata. Baba yako atakwenda kwa wazazi wa Losena na yaqona yake kuomba radhi, naye Kinijoji ataketi nyuma yake, na wewe nyuma ya Kinijoji. Yaende baada ya daktari kuambiwa kila kitu. Yakitangulia yatakuwa pazia, na mapazia mmeshatundika ya kutosha.

Jana jioni Losena alinipigia kwa ile simu yako. Sauti yake ni ndogo, anapumzika kila maneno matatu. Amenituma nikuambie kwamba hana kinyongo na wewe, anajua uliogopa.

Mimi ninacho. Amka, anza na nyumba ya kwanza.